Sogea Tuzungumze

Jumamosi moja ya masika, Tabita alitoka nyumbani kwake Ibaba juu akiwa na kamba ya katani begani na viazi viwili vya kuchemsha kwenye mfuko wa sweta. Alikuwa anakwenda kuchukua kuni. Ukungu ulikuwa haujaondoka na njia ya chemchemini ilikuwa inateleza, kwa hiyo alivua ndala akazishika mkononi. Alipofika kwenye mwiza wa kwanza alisimama, akaweka mdomo karibu na gamba, akausomea mti mistari miwili kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Mwiza ulisikiliza. Kisha ukaangusha tawi moja kavu, likadondoka pembeni, mbali na miguu yake. Tabita akashukuru, akalifunga, akaenda kwenye mti mwingine.

Ndivyo kuni zilivyochukuliwa huko. Wanawake wa Ibaba juu hawakwenda msituni na shoka. Kila mmoja alikuwa na mistari yake, aliyoachiwa na mama yake au aliyoitunga mwenyewe, na mti ulioamkiwa vizuri ulitoa tawi kavu, ulioamkiwa ovyoovyo haukutoa kitu. Wako waliokosea vina wakapika kwa mabua ya mahindi mwaka mzima, na hakuna aliyewaonea huruma. Sharti lilikuwa moja tu: mdomo uwe karibu na gamba, ili usikie mti mmoja na jirani yake asisumbuliwe.

Tabita alikuwa fundi wa mambo hayo. Shule aliishia darasa la nne, mumewe alikuwa amekufa, mwanawe Lwitiko alikuwa Tunduma anapakia mizigo ya watu mpakani, na katika nyumba ya pili ya ua wake alikaa mkwewe, Tumpe, mke wa Lwitiko, aliyeolewa mwaka uliopita na bado alikuwa na haya nyingi. Akishajaza mzigo, Tabita hakurudi moja kwa moja. Alipanda mpaka kwenye mpodo mkubwa uliosimama juu ya chemchemi. Maji ya kijiji kizima yalitoka kati ya mizizi yake. Mpodo ule ulikuwa mzee na masikio yake yalikuwa mazito, ilibidi kurudiarudia maneno, na haukuwahi kuwa na tawi kavu hata moja. Tabita hakufuata kuni pale. Alikula viazi vyake, akaupa habari za misiba na za bei ya pareto, akaondoka. Aliupenda, basi. Sidhani kama kuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Jumamosi hiyo alipoteremka alimkuta mtendaji wa kijiji, Sadoki, amekaa kwenye benchi lake anamsubiri. Sadoki alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na haraka nyingi. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, ushirika wa pareto ulikuwa umelala, na kila mtu alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

"Mama Lwitiko, tuna ugeni," alisema. "Siku ya kupanda miti, mgeni rasmi anatoka wilayani. Tunataka ngonjera ya mazingira. Nani kama wewe?"

"Mimi nasomea miti, mwanangu. Watu sijawahi kuwasomea."

"Sasa si ni hiyohiyo? Utaisifia miti, watu watasikia."

Tabita alikubali. Kwanza aliona haya kukataa, na pili, tuseme ukweli, alifurahi. Mtu akitunga miaka yote hiyo na wasikilizaji wake wote ni magamba, siku akiitwa mbele za watu moyo lazima umdunde. Kwa wiki nzima aliuhangaikia ubeti mmoja huku akipalilia viazi. Sadoki alikuja kuukagua, akasema ni mzuri ila hauna neno "muhimu", na shughuli ya serikali isiyo na neno "muhimu" haijakamilika. Tabita akalitafutia nafasi. Ubeti ukawa hivi:

*Mpodo nakusalimu, uliyekuja mwanzoni,*
*Kivuli chako kitamu, hata jua la kichwani,*
*Maji yako ni muhimu, yatokayo mizizini,*
*Sogea tuzungumze, nikutazame usoni.*

Baada ya huo zikafuata beti za mwiza, za mkuyu na za mkusu, na kila ubeti ulimalizikia kwa mstari uleule wa mwisho.

Shughuli ilifanyika kwenye uwanja wa mpira. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akakaa kwenye kiti chenye kitambaa, na spika ya kanisa, ile yenye mdomo wa tarumbeta, ikafungwa kwenye nguzo ya goli. Mara ya kwanza waliielekeza kwa watu, lakini ikawa inampigia mgeni rasmi kelele sikioni, kwa hiyo Sadoki akaigeuza ikatazama mlimani. Wanawake wote wa Ibaba walikuwepo na hakuna aliyefumbua mdomo kukumbusha lile sharti. Tabita naye hakulikumbuka. Alikuwa anawaza mizani. Akashika kipaza sauti, akasoma.

Miti ilianza kuteremka alipofika ubeti wa tatu. Ilikuja polepole, ikiinua mizizi namna akina mama wanavyoinua kanga kuvuka tope, midogo mbele, mikubwa nyuma, na ilipofika kwenye mashamba ya mahindi ilipita kwenye matuta bila kukanyaga mche. Wapo waliosimama kuipisha. Mwiza mmoja ulisimama nyuma ya gari la mgeni rasmi ukaziba njia, dereva akauomba usogee kidogo, ukasogea. Mpaka Tabita anamaliza, uwanja ulikuwa umejaa na kivuli kimefika mpaka meza kuu.

Mgeni rasmi alisimama, akasema amefurahishwa sana na mwitikio. Alisema vijiji vingine vinafaa kuiga. Kisha akapanda mche mmoja wa msindano, akaumwagilia kwa kopo, wakapigwa picha, akaondoka kabla ya mvua.

Miti haikuondoka. Ilikuwa imeambiwa isogee tuzungumze, na mazungumzo ilikuwa bado inayasubiri. Jumatatu watoto wa shule walikosa mahali pa kuchezea. Mwenyekiti wa kijiji, Ambakisye, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Tabita, akaitisha mkutano, akamwita na bwana miti kutoka wilayani. Bwana miti alikuja na nyundo yake ya kugongea alama kwenye magogo. Alieleza vizuri, bila ukali. Msitu wa mlimani ni wa serikali, alisema, na atakayekata mti kule atafungwa. Lakini uwanja wa mpira ni wa kijiji. Mti uliotoka hifadhini kwa miguu yake mwenyewe haukuvunwa, umehama. Wanakijiji wakaona maneno haya yana akili. Bwana miti akagonga nyundo.

Siku hiyohiyo ikapanda Fuso kutoka Tunduma, na ndani yake alikuwamo Zahoro. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mzaliwa wa Tanga, mtu wa kofia safi na salamu ndefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linaudhi. Alilipa bila kubishana, misumeno ya petroli ilizimwa kila alipokwenda kuswali, na aliwakatalia vijana wake wasimtukane mtu. Shida yake ya miaka yote ilikuwa kuteremsha magogo mlimani. Watu walikuwa wameumia, ng'ombe wa kukokota walikuwa wamevunjika miguu. Hapa miti ilikuwa imesimama kwenye tambarare, inasubiri, gari likiwa hatua chache tu pembeni.

Misumeno ilipoanza, miti haikukimbia. Ilidhani ndiyo mazungumzo yenyewe.

Tabita alizisikia sauti zile akiwa jikoni. Alifika uwanjani na unga mikononi, akasimama mbele ya mkuyu aliokuwa akiuchukulia kuni tangu akiwa msichana, na vijana wa Zahoro wakamsubiri kwa adabu mpaka alipochoka kusimama. Hilo ndilo lilimuuma kuliko yote. Miti ile aliiita yeye. Kwa sauti yake, kwa jina la kila mmoja, aliiita, nayo ikaja.

Miti ya uwanjani ilipokwisha, Ambakisye na Sadoki walikwenda kwake wakiwa na kilo ya sukari.

"Shemeji," alisema Ambakisye, "zahanati imepata kuta kwa fedha za magogo. Bado paa. Ukisoma mara moja tu, tunaezeka."

"Sisomi."

"Wajukuu zako watazaliwa chini ya bati, shemeji."

"Nimesema sisomi. Chukueni na sukari yenu."

Waliondoka, sukari wakaiacha. Kumbe hawakumhitaji sana. Sadoki alikuwa ameirekodi ngonjera siku ile kwa redio kaseti, apeleke mkoani kwenye mashindano. Kesho yake waliifunga redio kwenye spika, wakabonyeza, na sauti ya Tabita ikatoka pale golini ikaenda mlimani wakati Tabita mwenyewe yuko shambani na jembe. Alisimama akajisikiliza. Ilikuwa sauti yake kabisa, mpaka pale alipokohoa kwenye ubeti wa pili. Miti ikateremka tena, mingi kuliko ile ya kwanza, na ile iliyompita shambani iliinamisha matawi kumsalimia.

Ikawa ndiyo kazi. Kaseti ilipigwa asubuhi, Fuso likapakiwa mchana. Zahoro aliagiza gari la pili. Kila kaseti ilipolia alisogeza kiti karibu na spika, akatulia, na kwenye mstari wa mwisho machozi yalimtoka, kila siku, akayafuta kwa leso iliyokunjwa vizuri. Kisha akawapungia vijana waanze.

Tabita alimfuata pale kwenye kiti.

"Baba, yale maneno niliwaambia wao, sikuwaambia ninyi."

Zahoro alisimama akampisha kiti chake. "Shikamoo mama. Kaa kwanza. Mimi nimekulia kwa watu wa mashairi, najua kitu kizuri nikikisikia. Hili lako, wallahi, nikilisikia napata hamu ya kwenda kwetu nikalale chini ya mti."

"Basi acha kuwakata."

"Nikiacha mimi atakuja mwenzangu," alisema Zahoro kwa huzuni ya kweli. "Na mwenzangu huyo, mama, hata shairi hatalisikiliza."

Tabita hakukaa. Akamuuliza kama ataondoka milima ikibaki mitupu. Zahoro akasema umebaki mmoja tu wa maana, ule mpodo wa juu ya chemchemi. Mara zote kaseti ikipigwa hauji, vijana wanasema labda umezeeka hausikii. Jumatatu watabeba spika wakaufungulie redio palepale ulipo.

"Ule umekalia maji yetu!"

Ambakisye, aliyekuwa karibu anahesabu mabati, akadakia. "Wilaya imeahidi bomba, shemeji."

"Lini?"

"Imeahidi," alisema Ambakisye.

Jumapili, baada ya ibada, Tabita hakungoja matangazo. Alipanda njia ya chemchemini na gauni lake la kanisani. Pande zote mbili kulikuwa na mashimo ambayo miti ilikuwa imeyaacha, na mvua ilikuwa imeyajaza maji mekundu. Mpodo ulikuwa pale juu peke yake, na chini yake chemchemi inatoka baridi na safi kama ilivyokuwa siku zote. Akaweka mdomo kwenye gamba apate kuuambia ukae usije, hata ukisikia nini, hata ukisikia sauti yangu.

Hapo ndipo akagundua kwamba mstari wa namna hiyo hana. Aliitafuta yote, ya mama yake, ya bibi yake, ya wanawake waliokufa ambao kijiji kizima kiliwakumbuka kwa kuni zao nzuri. Yote ilikuwa ya kuomba. Nipe, niangushie, nisogelee, nifunike. Karne zote hizo za kuamkiana na miti, na hakuna mtu wa Ibaba aliyewahi kuhitaji kuuambia mti ukae palepale ulipo. Alikaa juu ya jiwe akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake na juu ya bibi yake pia.

Kisha akapata wazo la kuutukana. Mti ukichukia mtu hauji kwake, kaseti ilie isilie. Aliutunga ubeti palepale, akasimama, akausoma kwa sauti kubwa kwa sababu ya yale masikio:

*Mpodo huna maana, mzee uliyeoza,*
*Sitaki tena kuona, sura inayochukiza,*
*Usinifuate tena, kwako nimeshamaliza,*
*Hukuwahi kunifaa, ukae na lako giza.*

Alikuwa hajawahi kumwambia kiumbe yeyote maneno kama hayo. Machozi yalikuwa bado yanamtoka. Alimaliza, akageuka, akaanza kuteremka haraka bila kuangalia nyuma.

Lakini mti haujui matusi. Mti unajua vina, na vina vilikuwa safi. Mtunzi mwingine angeharibu mizani kwa kilio, akaokoka. Tabita hakuweza kutunga vibaya hata alipotaka. Kati, mwisho, kila kitu kilikaa mahali pake. Tena ilikuwa mara ya kwanza kuuinulia sauti mpodo ule, kwa hiyo ulisikia kila neno bila kurudiwa, ukajua pia kwamba anayesema analia. Ukang'oa mzizi wa kwanza, ukang'oa wa pili, ukamfuata.

Aliisikia nchi ikiachia nyuma yake. Alikimbia, Mungu wangu, alikimbia na viatu vya kanisani, na mpodo ukawa unakuja vilevile kwa mwendo wa kizee, ukisimama kwenye kona kumtafuta alikopita. Kule juu chemchemi ilipanda mara moja ikiwa na matope, ikazunguka, ikazama ndani ya shimo. Waliokuwa wanateka waliinua madumu yao wakachungulia, wakasema imekauka.

Mpodo ulifika uani kwa Tabita mchana. Uliyapita maua, ukasimama kando ya mlango wa jiko, ukapanga mizizi yake vizuri ili isizibe njia. Muda si muda alikuja Ambakisye, akafuatwa na Sadoki na Zahoro na vijana wawili waliobeba msumeno. Walizunguka wakitazama. Ambakisye alifikiri, na lazima nikiri alisema haki. Mti ulio hifadhini ni wa serikali, ulio uwanjani ni wa kijiji, huu umeingia ndani ya ua wa mtu. Huu ni wa shemeji.

"Mali ya mtu siigusi," alisema Zahoro, akaweka mkono kifuani. "Hongera, mama. Utakuwa na kivuli." Akawaambia vijana waurudishe msumeno garini, nao wakaurudisha.

Tabita alikuwa ameegemea mlango. Alipowaona wanatoka nje ya ua, alifumba macho.

"Ndaga, Yesu," alisema. Asante.

Juu yake kitu kilikatika. Mpodo uliangusha tawi, likadondoka pembeni, mbali na miguu yake. Lilikuwa bichi, lina majani, na utomvu ulikuwa unatoka pale lilipoachia. Mti haukuwa na kavu la kumpa. Hakuwahi kuuomba kitu miaka yote, sasa amekuja mpaka juu na gauni zuri amepaza sauti, ungefanyaje?

"Hapana," alisema Tabita. "Hapana, mimi sitaki."

La pili likaanguka, kubwa kuliko la kwanza.

"Acha! Basi! Inatosha, nakuomba..."

Yakaanguka mawili kwa pamoja. Tabita akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikaa chini pale mlangoni, akabana meno, na kila alipopumua kwa nguvu alitazama juu. Mpodo ukatulia. Ulikuwa umeinama kidogo upande wake, namna ya mtu mwenye masikio mazito anayesubiri mwenzake arudie. Yeye akiwa kimya mti utaishi, hilo alilielewa haraka; kunyamaza aliweza, mjane anajua kunyamaza.

Aliyeingia uani ni Tumpe, anatoka chemchemini na ndoo tupu. Aliutazama mti, akautazama mlango wa jiko, akaona nafasi ya kupita ipo. Akaweka ndoo chini, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, mama."

Tabita alimtazama, viganja viko mdomoni.

Tumpe alisubiri. Mkwe kutoitikiwa salamu kuna maana moja tu, na kila mwanamke aliyeolewa huko anaijua: anarudishwa kwao. Binti wa watu akaanza kuwaza amekosa nini, labda ni ndoo, labda wanasema maji yamekauka mkononi mwake. Macho yakamjaa. Akainamisha kichwa zaidi, mpaka kilemba kikagusa udongo.

"Shikamoo, mama," alisema tena, na sauti ilikuwa imeshapasuka.

Tabita aliushika ule mzizi uliokuwa karibu naye, akaushika kwa nguvu. Kisha akaondoa mkono mdomoni.

"Marahaba, mwanangu."

Tawi lilipoanguka Tumpe alisogeza ndoo yake. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akashukuru, akainuka kwenda kutafuta kamba, kwa sababu kuni zilikuwa nyingi na mbichi huwa nzito. Kwenye njia ya kutoka kanisani watu walikuwa wanakuja kumpa Tabita pole ya maji, na wengi wao walikuwa wadogo kwake kwa umri, watu wa kumwamkia shikamoo na kungoja waitikiwe.